Tumefunga Mdomo, Hatujafungua Mkono



Wapendwa taifa la Mungu, lugha yetu imetupatia neno lenye hekima kubwa kwa ajili ya kipindi hiki. Tunasema "kufunga". Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga mdomo. Na jua likizama, watu wa pwani husema kwamba aliyefunga sasa "anafungua". Neno hilohilo limebeba pande mbili za tendo moja, na anayefunga asifungue hajamaliza alichokianza. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliyaona hayo kabla yetu. Watu wa zama zake walilalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuangalia. Mungu akawajibu kwamba mfungo anaoutaka ni kufungua: kufungua vifungo vya uovu, kumwachilia aliyeonewa, kumgawia mwenye njaa mkate, kumvika aliye uchi.

Hoja yetu juma hili ni moja, nasi tutaisema bila kupepesa macho. Mfungo wa Kwaresima ambao haukumlisha mtu mwingine haujakamilika. Haukamilishwi na idadi ya Ijumaa tulizoepuka nyama, wala na idadi ya Njia za Msalaba tulizohudhuria, wala na ukubwa wa alama ya majivu iliyokuwa katika paji la uso wetu. Aliyefunga mdomo na kuuacha mkono nao umefungwa, huyo amebadili mlo tu.

Tuanze na chungu, maana ndiko yanakoonekana mambo ya kweli.

Sheria ya Kanisa inafahamika. Kanuni ya 1251 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 yaagiza kujinyima nyama siku za Ijumaa, na kufunga pamoja na kujinyima nyama siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kanuni inayofuata yasema kwamba kujinyima nyama kunawabana waliotimiza miaka 14, na kufunga kunawabana watu wazima hadi wanapouanza mwaka wa 60 wa umri wao. Sheria hii ni nyepesi sana tukiilinganisha na ile waliyoishika babu zetu katika imani. Mama Kanisa ameifanya nyepesi kwa makusudi, akitumaini kwamba watoto wake wataongeza kwa hiari yao kile ambacho hawalazimishwi.

Sasa tujiulize sisi watu wa Tanga tunaifanyia nini sheria hii. Kanisa lilikataza nyama kwa sababu, katika nchi nyingi na kwa karne nyingi, nyama ilikuwa chakula cha sikukuu na cha wenye nacho. Kuiacha nyama kulikuwa ni kushuka na kuketi pamoja na maskini mezani pao. Lakini sisi tunaishi kando ya bahari. Kwetu samaki ndiye kitoweo, na samaki mkubwa ndiye fahari ya meza. Basi ikifika Ijumaa ya Kwaresima, mwenye uwezo anashuka asubuhi kwenye soko la samaki la Deep Sea, anachagua nguru mnono, au kamba, au pweza, anampikia tui zito la nazi, kisha anaketi na kumshukuru Mungu kwa neema ya kujinyima! Mlo wake wa Ijumaa umegharimu kuliko mlo wake wa Alhamisi. Nyama hakuigusa, ni kweli. Lakini ni nani aliyenufaika na toba hiyo? Muuza samaki peke yake.

Hatusemi kwamba amevunja sheria. Ameitimiza herufi kwa herufi. Nasi twasema kwamba herufi hiyo imeachwa peke yake, bila roho yake, na mtume Paulo alikwisha kutuonya juu ya herufi ya namna hiyo (2 Kor 3:6). Tena kanuni yenyewe inatambua kwamba Baraza la Maaskofu laweza kuelekeza kujinyima chakula kingine badala ya nyama. Maana yake sheria inajua kwamba kinachomgharimu mtu wa bara sicho kinachomgharimu mtu wa pwani. Mkristo wa Pangani au wa Mkinga asiyependa kujidanganya hangoji aandikiwe waraka ndipo ajue kwamba kwake yeye kuacha nguru ni kujinyima, na kumla nguru ni karamu.

Wengine watatujibu: "Padre, basi tule dagaa na mchicha, mambo yaishe." Hapana, wapendwa, mambo hayajaisha. Hapo ndipo yanapoanza. Ukila mchicha badala ya nguru, kuna fedha iliyobaki. Iko wapi?

Hili si swali letu. Ni swali la Kanisa tangu karne zake za mwanzo. Katika karne ya pili, kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma kilimwelekeza mwenye kufunga afanye hesabu: apige gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, kisha kiasi hicho ampe mjane, au yatima, au mhitaji. Katika karne hiyohiyo, Aristide wa Athene, alipowatetea Wakristo mbele ya watawala wa Roma, alieleza kwamba Wakristo wakimwona miongoni mwao maskini, na wao wenyewe hawana akiba, hufunga siku mbili au tatu ili wapate chakula cha kumpa. Tuyatafakari maneno haya. Watu hao hawakuwa na kitu cha ziada. Walifunga ili kipatikane. Tumbo lao liligeuka kuwa ghala la jirani.

Baba wa Kanisa waliofuata hawakubadili mafundisho hayo. Mtakatifu Agustino aliwafundisha waamini wake kule Hippo, Afrika ya Kaskazini, kwamba kile anachojinyima mfungaji kiende kwa mwenye njaa, kisirudi katika mfuko wake. Mtakatifu Papa Leo Mkuu, katika hotuba zake za Kwaresima za karne ya tano, hakuchoka kuunganisha mfungo na sadaka. Na Mtakatifu Petro Krisologo, Askofu wa Ravenna, alifundisha kwamba sala, mfungo na huruma ni kitu kimoja, na mwenye kuishika moja na kuziacha nyingine hana hata moja. Walimu wote hao hawakuchota hayo mahali pengine ila kwa Bwana mwenyewe, ambaye katika Injili ya Jumatano ya Majivu (Mt 6:1-6, 16-18) anaitaja sadaka kwanza, kisha sala, kisha mfungo. Tunaisikia Injili hiyo kila mwaka tukiwa tumesimama, halafu tunaondoka na kipande kimoja cha tatu.

Hapa kwetu Mungu ametuwekea shahidi mwingine, na shahidi huyo ni jirani yetu. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, hivyo Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na baada ya miaka mingi hukutana na Kwaresima yetu. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla yake. Mwaka 2026 iliangukia Februari 18, na Ramadhani ikaanza katika juma hilohilo. Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni, nyumba mbili zenye ukuta mmoja zimefunga kwa wakati mmoja.

Katika siku hizo tunasikia kwa Wakatoliki mazungumzo yasiyotupendeza. Wengine wanajilaumu kwamba wenzetu wanafunga sana na sisi tunafunga kidogo. Wengine wanajitetea kwamba wenzetu wanabadili saa za kula tu. Mashindano ya namna hii hayana faida, wala hatukuitwa kuhesabu saa za njaa za mtu mwingine. Jambo moja ndilo tungependa Mkristo alione kwa jirani yake. Mwislamu hamalizi Ramadhani kwa kuuona mwezi tu. Kabla ya sala ya Idi anadaiwa Zakatul Fitri, kipimo cha chakula kwa ajili ya kila mtu wa nyumba yake, hata mtoto mchanga, na kipimo hicho kinakwenda kwa maskini ili naye apate kula siku ya sikukuu. Mfungo wake una mlango wa kutokea, na mlangoni amesimama maskini. Mfungo wetu nao una mlango huohuo, tangu Isaya, tangu Herma, tangu Bwana mwenyewe. Ni sisi tulioupita dirishani.

Tuje sasa kwenye ibada tuipendayo kuliko zote katika kipindi hiki, Njia ya Msalaba. Ni ibada tukufu. Wafransisko waliieneza, Papa Klementi wa XII akathibitisha vituo 14 mwaka 1731, na Mtakatifu Leonardo wa Porto Maurizio akaisimika katika mamia ya makanisa ya Italia. Hapa kwetu Ijumaa jioni kanisa hujaa kuliko Dominika nyingine. Jumuiya Ndogo Ndogo nazo huizungusha nyumba kwa nyumba, msalaba mbele, mishumaa nyuma, watoto wakigombania kuubeba. Hakuna paroko asiyefurahi akiona hayo.

Lakini tuvitazame vituo vyenyewe. Katika kituo cha tano, Simoni wa Kirene, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa akitoka shambani, anautwika mgongo wake msalaba wa mtu asiyemjua. Katika kituo cha sita Veronika anapenya katikati ya askari na kumpangusa Bwana uso. Katika kituo cha nane wanawake wa Yerusalemu wanamlilia, na Bwana anawageukia na kuwaambia wasimlilie yeye. Katika umati mkubwa uliojipanga njiani siku ile, vituo vyetu vinatuonyesha wawili waliofanya kitu kwa mikono yao kabla ya Kalvari. Wengine wote walitazama, au walidhihaki, au walilia.

Swali letu ni hili: je, sisi tunaitembea Njia ya Msalaba tukiwa wapi? Tunaogopa kwamba wengi wetu tumepiga kambi katika kituo cha nane. Tunaimba kwa huzuni, machozi yanatutoka, sauti za kwaya zinatetemesha paa, kisha tunazima mishumaa na kwenda kulala. Kuna Ijumaa moja ambapo jumuiya ilihitimisha sala uani kwa mwanajumuiya, ikanywa chai, ikatawanyika kwa furaha. Nyumba ya tatu kutoka pale, mama mmoja alikuwa kitandani juma la pili, na wanawe wawili walikuwa wamelala bila kula. Msalaba ulipita mlangoni pake ukiwa umebebwa juu juu na watu wanaoimba. Watu wale si wabaya. Hakuna aliyemchukia yule mama. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyeuliza kwa kuwa hakuna kituo kilichotutaka kugonga mlango. Hilo ndilo tunaloliita hatari: ibada inaweza kutushibisha hisia za huruma hata tusisikie tena njaa ya kutenda huruma. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tunaongeza kwamba shibe ya ibada nayo ni shibe.

Lipo kosa jingine linalofanana na hilo. Siku hizi mikono mingi imefunguka wakati wa Kwaresima, lakini kiganja kimetazama juu, kinangoja kupokea. Mtu anafunga siku 40 ili apate kazi, ili apate mchumba, ili biashara ichangamke, ili adui yake aaibike. Anatafuta padre ambarikie chumvi, mafuta na maji, avimwage kizingitini mwa duka. Visakramenti vya Kanisa ni vitakatifu, nasi tunavibariki kwa imani, na kumwomba Mungu riziki si dhambi. Bwana alitufundisha kuomba mkate wetu wa kila siku. Lakini tuangalie neno lile alilotumia: wetu. Hakusema mkate wangu. Anayeufanya mfungo kuwa malipo ya awali kwa Mungu, akisubiri bidhaa yake iletwe, ameingiza biashara hekaluni, na tunajua Bwana aliwafanyia nini wafanyabiashara wa hekaluni. Kwaresima ni shule ya kutoa. Mwenye kuigeuza kuwa msimu wa kuvuna atafika Pasaka akiwa na orodha ya madai na moyo uleule.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa, nasi hatutazikwepa.

Wa kwanza atasema: "Sisi wenyewe ni maskini, tutatoa nini?" Mtakatifu Papa Paulo wa VI alilifikiria jambo hili mwaka 1966 alipotengeneza upya sheria ya toba katika hati yake Paenitemini. Alifundisha kwamba palipo na neema ya uchumi, Wakristo watoe ushuhuda wa kujinyima, na palipo na ufukara, wamtolee Mungu mateso yao huku wakijitahidi kuleta haki katika jamii. Parokia zetu za Tanga zina watu wa aina zote mbili katika benchi moja. Yumo mwenye gari na yumo mzee aliyekata mkonge maisha yake yote na sasa anaishi kwa huruma ya majirani. Yule mzee hatumdai kitu. Mfungo wake Mungu anaujua, maana anaufunga mwaka mzima bila kutangaziwa. Tunayemdai ni yule anayejiita maskini siku ya sadaka tu, naye siku ya harusi ni tajiri.

Wa pili atasema: "Kanisa linachangisha kila siku. Ujenzi, mavuno, jimbo, gari la paroko. Leo tena mnatuletea mchango mwingine?" Malalamiko haya yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana tunasema wazi: fedha iliyookolewa kwa mfungo isiingie katika mfuko wa ujenzi. Zege halina njaa. Kamati za fedha za parokia na vigango zisiiguse, zisiikope, wala zisiiandike katika makisio. Michango mingine ina siku zake na sababu zake. Hii ni ya maskini, na kuichukua ni kuchukua chakula mdomoni mwa mtu.

Wa tatu atasema: "Tukiwapa watu bure tutalea wavivu." Tunamwuliza: mgonjwa wa kiharusi ni mvivu? Mtoto wa darasa la pili anayekwenda shule bila kifungua kinywa ni mvivu? Bibi anayewalea wajukuu wanne walioachwa na wazazi waliofariki ni mvivu? Tuwamalize kwanza hao, ndipo tuunde kamati ya kuwachunguza wavivu.

Wa nne atasema: "Basi tuache rozari na Njia ya Msalaba, twende tukahudumie watu." Huyu naye amekosea, tena kosa lake ni kubwa. Sadaka isiyotoka katika sala huoza upesi na kuwa maonyesho. Tumekwisha kuyaona: kikundi kinapeleka sabuni na unga mahali fulani, na kabla unga haujashushwa picha 20 zimefika katika kundi la WhatsApp, mpokeaji ameinamisha kichwa kwa aibu, watoaji wanatabasamu. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue kinachofanywa na wa kuume. Sisi tumewajulisha watu 200 kwa dakika moja. Anayepiga magoti mbele ya Msalaba ndiye atakayejua kuinama mbele ya mtu bila kumdhalilisha. Kwa hiyo tusipunguze hata kituo kimoja. Tuongeze hatua zile zinazotoka kanisani kwenda mlangoni kwa mtu.

Kwetu sisi wa mwambao jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya namna imani ilivyotufikia. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misioni Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara, mahali watu walipokuwa wakifikishwa wakiwa wamefungwa minyororo. Pangani yetu nayo iliijua biashara hiyo. Wamisionari walianza kwa kuwakomboa watumwa, hasa watoto, wakiwalipia fedha ili wawe huru. Fedha hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo watoto wa Ulaya walilichangia kwa sala fupi ya kila siku na sarafu ndogo ya kila mwezi. Mtoto wa kijiji cha Ufaransa, ambaye hakuwahi kuiona bahari ya Hindi, alijinyima kitu kidogo, na mtoto wa Kiafrika akafunguliwa mnyororo. Isaya 58 ilitimia pwani yetu kwa maana yake halisi kabisa, ya chuma na kufuli.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche yake Kikogwe, karibu na Pangani, na kwa miongo mingi iliyofuata watu wakaletwa kutoka bara kuja kuikata: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni na wengine wengi. Walifika bila shangazi, bila mjomba, bila shamba. Wengi katika parokia zetu ni watoto na wajukuu wao. Waliokoka kwa sababu aliyekuwa na kibaba cha unga alikigawa na mgeni wa chumba cha pili. Kanisa la Tanga, tangu Mapadre wa Shirika la Mapendo walipofika mwaka 1945 hadi leo, limekua juu ya migongo ya watu hao. Sisi tu matunda ya mikono iliyofunguliwa. Ikiwa mkono huo utafungika katika kizazi chetu, tutakuwa tumepokea urithi na kuutupa baharini.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza jambo dogo lenye hesabu, maana bila hesabu mazuri yote hubaki hewani.

Kila familia yenye uwezo ikae na kupiga gharama ya mlo wake wa kawaida wa Ijumaa. Tuseme kitoweo chake hugharimu shilingi 12,000. Katika Ijumaa ya Kwaresima familia hiyo ile bada kwa kisamvu au maharage, itumie 4,000. Shilingi 8,000 zimebaki. Ziwekwe katika kopo siku ileile, kabla hazijapata kazi nyingine. Ijumaa za Kwaresima, tangu ile inayofuata Majivu hadi Ijumaa Kuu, ni 7. Tukiongeza Jumatano ya Majivu tunapata siku 8. Familia hiyo itakuwa na shilingi 64,000. Jumuiya yenye kaya 15 za namna hiyo itakuwa na 960,000. Hakuna aliyeuza kitu, hakuna aliyekopa, hakuna aliyeandikiwa bahasha. Ni kitoweo tu.

Fedha hizo zibaki katika jumuiya, zitunzwe na watu wawili waaminifu, mmoja wao awe mama. Mwanajumuiya aliyeijua shida aseme faragha, si mbele ya watu wote. Watu wawili waende, wagonge mlango, waketi, waulize hali, waache kilicholetwa, wasipige picha. Ikiwezekana waende siku ileile ya Njia ya Msalaba, mara baada ya sala ya mwisho. Na mlango huo wasiuchague kwa dini ya mwenyewe. Msamaria wa Injili (Lk 10:25-37) hakumwuliza aliyelala njiani anasali wapi. Jirani Mwislamu akiwa mgonjwa mwezi wa Ramadhani, na Mkatoliki akamletea cha kufuturia kutoka katika kopo la Kwaresima, hapo mifungo miwili imefunguliwa kwa sahani moja, na Mungu mmoja ametukuzwa.

Na yule asiyejua aanzie wapi kwa kuwa moyo wake ni mzito, aanzie katika Sakramenti ya Upatanisho. Wengi wetu tunaungama kukosa Misa na kuvunja amri ya sita. Ni wachache mno wanaoungama kwamba walimpita mwenye njaa. Katika hukumu aliyoieleza Bwana (Mt 25:31-46), hilo ndilo swali litakaloulizwa. Tungependa mlisikie kwanza katika kiti cha maungamo, mahali penye huruma, kuliko kulisikia mara ya kwanza siku ile.

Ijumaa ijayo, kabla hamjakwenda sokoni, ulizeni nyumbani mwenu ni nani katika mtaa wenu hajala. Jibu likipatikana, mnunue kidogo.

Mungu mwenye huruma awabariki, Mama Maria Mteswa awasindikize hadi Pasaka. Amina.